Msemo wa Mitaani Uingie Kamusini au Usiingie? Mwongozo Kamili wa Kuamua

Katika kamusi ya mtandaoni ninayosaidia kuihariri, hakuna mapendekezo yanayorudishwa mara nyingi kama ya simo, yaani misemo ya mitaani. Ukiyasoma utadhani yameandikwa na mtu mmoja: msemo, maana yake kwa mstari mmoja, halafu "kila mtu anasema hivi siku hizi". Basi. Mhariri mmoja anakubali kwa sababu naye anausema, mwingine anakataa kwa sababu anaona unaharibu lugha, na pendekezo linalala miezi.

Wote wawili wamekosea mlango. Kamusi haitoi vyeti vya lugha safi, na haisajili kila kinachochekesha. Swali la kujibu ni hili: mtu akikutana na msemo huu, akafungua kamusi, atakwama kwa kuukosa? Na je, unaweza kuonyesha hivyo kwa maneno ya watu usiowajua?

Nitaubeba msemo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, *kula bata* kwa maana ya kustarehe, na mingine nitaiita inapofaa. Istilahi mbili tu za kushika: kidahizo ni neno au fungu la maneno linaloorodheshwa kwa wino mzito, kitomeo ni kidahizo pamoja na taarifa zake zote. Simo ndiyo hiyo ambayo vitabu vingine huiita msimu.

## Andaa hivi kwanza

- Jedwali la kompyuta au daftari lenye safu sita: sentensi nzima, tarehe, chanzo, aina ya msemaji, mahali, na maoni yako. Kila mstari tutauita kadi.
- Kamusi tatu angalau: moja ya Kiswahili kwa Kiswahili, moja ya lugha mbili, na moja iliyotoka miaka ya karibuni.
- Sera ya kamusi unayoipelekea msemo. Kamusi ya shule na kamusi ya mtandaoni inayopokea kila kitu haziamui kwa kipimo kimoja. Isome kabla, si baada ya kukataliwa.
- Watu sita wasiofahamiana, wa umri tofauti, na angalau wawili wasioishi eneo lako.
- Wiki mbili. Unaweza kumaliza kwa siku mbili, lakini ushahidi wa siku mbili hunuka haraka.

## Hatua ya 1: Andika sentensi kabla ya maana

Anza na sentensi uliyoisikia au kuisoma, neno kwa neno. Ukitanguliza maana, macho yako yataona sentensi zinazoikubali tu na kuziruka zinazoipinga.

Chukulia umesikia: "Wenzetu mwisho wa mwezi wanakula bata, sisi tunahesabu siku." Iandike hivyo hivyo. Kisha weka fasili ya muda: *kustarehe kwa kutumia fedha*. Naiita ya muda kwa sababu karibu kila mara hubadilika ukifika hatua ya tatu.

Sasa tafuta sehemu isiyotikisika. *Wanakula bata, tule bata, alikula bata*: kitenzi kinabadilisha nyakati na nafsi, bata amekaa palepale. Hapo ndipo penye msemo. Ukikuta "kula bata kama kawa", hilo *kama kawa* ni pambo lenye maisha yake mwenyewe; likate. Pendekezo la "kula bata kama kawa" kama kidahizo kimoja niliwahi kulipokea, na mwenye nalo alikuwa na sentensi moja tu mkononi.

Ukiwa na sentensi nzima, umbo la msingi na fasili ya mstari mmoja, songa mbele.

## Hatua ya 2: Utafute kwa majina yake yote

Kabla ya kusema "haumo", utafute chini ya kila neno lililomo. Kamusi nyingi za Kiswahili huorodhesha vitenzi kwa shina, bila *ku-*, kwa hiyo kula iko chini ya *la*, jirani na *la* ya kukataa na *la* ya "jani la mti". Nahau mara nyingi hujificha mwishoni mwa kitomeo cha kitenzi, kwa maandishi madogo. Angalia pia chini ya *bata*. Jaribu na tahajia nyingine, maana simo huandikwa kila mtu na sikio lake.

Tahadhari. Kuukuta msemo katika kamusi nyingine si ushahidi kwamba upo. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Webster, toleo la pili, ilitoka ikiwa na neno *dord*, eti lina maana ya densiti katika fizikia. Halikuwapo. Kadi ya mwaka 1931 iliyoandikwa "D or d", yaani herufi D kubwa au ndogo kama kifupisho cha densiti, ilisomwa kama neno moja. Ilichukua hadi 1939 mhariri kugundua. Na *New Oxford American Dictionary* ya 2001 iliingiza kwa makusudi neno la uongo, *esquivalience*, ili kuwanasa wanaonakili kazi za wenzao. Anayetumia kamusi kama ushahidi wa kamusi anaweza kunaswa na mtego kama huo, au akairithi kadi iliyosomwa vibaya.

Kwa hiyo kamusi nyingine inakuambia pa kutafuta tu. Ushahidi wenyewe uko kwa watumiaji.

## Hatua ya 3: Kusanya kadi

Wengi hukwama hapa, na si kwa uvivu. Hukwama kwa sababu wanakusanya vitu visivyo ushahidi.

### Kadi nzuri ina sifa tatu

Inatumia msemo, haiutaji tu. "Kula bata ni msemo wa vijana wenye maana ya kustarehe" ni kutaja. "Tangu apate kazi ile ni kula bata tu, nyumbani haonekani" ni kutumia. Ya kwanza inamwonyesha mtu anayejua kwamba msemo upo. Ya pili inamwonyesha mtu anayeuhitaji ili aseme jambo lake. Orodha za "misimu 50 ya mjini" zimejaa misemo ambayo nje ya orodha hizo hutaikuta popote. Anayeitunga orodha ya pili ameinakili ya kwanza.

Inasimama peke yake. Watu 40 wakirudia mstari mmoja wa wimbo, hiyo ni kadi moja. Ujumbe uliosambazwa kwenye makundi 100 ni kadi moja. Tangazo la biashara na wanaolijibu kwa utani, kadi moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuipitisha simo kwa sababu niliisikia kila siku kwa mwezi mzima. Baadaye nilipofuatilia, kadi zangu zote zilikuwa zinarudi kwenye video moja ya kichekesho. Miezi mitatu mbele hapakuwa na aliyeikumbuka, na kitomeo changu kilibaki kimesimama kama nguzo ya uzio uliobomolewa.

Ina tarehe, na tarehe zinaachana. Kanuni ya Wiktionary ya Kiingereza, kamusi huru ya mtandaoni, ni ya kuigwa kwa wepesi wake: matumizi matatu yaliyo huru, yaliyohifadhiwa kwa kudumu, na kati ya la kwanza na la mwisho upite mwaka mmoja au zaidi. Kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni wao wenyewe hulegeza, na hata tumizi moja linaweza kutosha. Kwa simo ya Kiswahili mimi hudai matatu bila huruma, kwa sababu Kiswahili si lugha ya kukosa sentensi tatu.

### Usizihesabu kwa injini ya kutafutia

Nilipoandika "kula bata" kwenye kisanduku cha kutafutia kwa mara ya kwanza nilipata kurasa nyingi nikashangilia. Nilipozifungua, nyingi zilikuwa za ufugaji: bata anakula nini, bata ale mara ngapi, namna ya kumpika. Idadi inayoonyeshwa juu ya matokeo ni makadirio ya mashine, haijui ndege na starehe.

Tafuta kwa maneno ambayo ndege hawezi kuyavaa. Jaribu "wanakula bata tu", "tumekula bata wikiendi nzima", "mla bata". Fungua kila ukurasa, soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, ndipo uandike kadi. Ukipata kongoo, yaani hifadhi kubwa ya matini zilizopangwa kwa ajili ya uchunguzi, itumie. Helsinki wanayo ya Kiswahili inayofahamika miongoni mwa watafiti. Ila jua kwamba kongoo zilizojengwa juu ya magazeti na vitabu huwa maskini wa simo. Kuukosa humo si hukumu.

Mazungumzo uliyoyasikia kwa masikio yako yanaruhusiwa kama nyongeza, ukiandika tarehe na aina ya msemaji. Usiandike jina la mtu binafsi wala kuiba ujumbe wa faragha. "Mwanamke, kati ya miaka 40 na 50, dereva" inatosha.

Umefaulu ukiwa na kadi zisizopungua tano, angalau tatu zikiwa za maandishi, na umepata moja au mbili zinazokusumbua. Kadi isiyokubaliana na fasili yako ndiyo yenye faida kuliko zote. Katika *kula bata* zinazosumbua ni zile ambamo hakuna fedha inayotumika: mtu yuko likizo, amelala mchana kutwa, naye anasema anakula bata. Fasili ya muda imeshapasuka. Irekebishe: fedha ni kawaida, si lazima, kiini ni kustarehe bila kujibana.

## Hatua ya 4: Pima kama msemo unazidi vipande vyake

Sasa una uhakika msemo upo. Bado hujathibitisha kwamba ni kitu kimoja. Watu husema "nyumba nyekundu" kila siku, na hakuna anayetaka kitomeo chake, kwa sababu ukijua *nyumba* na ukijua *nyekundu* umemaliza.

Kwa simo jambo hili lina ujanja wake. Chukua *simu kali*. Mgeni anayejua Kiswahili cha darasani atadhani simu ina hasira. Kwa hiyo kuna kitu hakipo kwenye kamusi yake. Lakini kitu hicho kiko kwenye neno *kali* peke yake: wimbo mkali, nguo kali, gari kali. Ukiingiza "simu kali", kesho itabidi uingize "viatu vikali". Kinachohitajika ni maana mpya chini ya *-kali*, na inapatanishwa kwa viambishi kama kivumishi kingine chochote.

Fanya majaribio haya manne.

Badilisha neno moja kwa jirani yake wa maana. *Kula bata*, weka *kula kanga*, weka *kupika bata*. Starehe imetoweka, umebaki na ndege. Hiyo ni dalili njema. Lakini *kutafuta kiki*, kwa maana ya kutafuta umaarufu wa chapuchapu, inakubali *kupata kiki*, *kupenda kiki*, *kiki za bure*. Maana haikuondoka ulipobadilisha kitenzi. Kwa hiyo kidahizo ni *kiki*, na "kutafuta kiki" ni mfano wa matumizi tu. Pendekezo hili nimelirudisha zaidi ya mara moja.

Weka wingi, au ongeza kivumishi. *Kitu kidogo* kwa maana ya hongo ni mfano safi kuliko yote niliyo nayo. "Alidai kitu kidogo", hongo ipo. "Alidai vitu vidogo", imekwisha. "Alidai kitu kidogo sana", nayo imeanza kuyeyuka, msikilizaji anarudi kwenye udogo wa kitu. Maneno mawili ya kawaida kabisa, lakini yakiguswa tu maana inakimbia. Fungu kama hili linastahili kitomeo hata kama kila neno ndani yake ni la mtoto wa chekechea. Kwa *kula bata* jibu ni hilo hilo: *amekula bata wawili* ni mlo.

Geuza kitenzi kiwe cha kutendwa. "Bata ameliwa." Ndege tena. Msemo usiokubali kugeuzwa umeganda, na kilichoganda kinahitaji kuelezwa kikiwa kizima. Usiutegemee mtihani huu peke yake, kwa sababu wasemaji hupenda kuchezea misemo makusudi.

Mpe mgeni. Chagua mtu anayejua Kiswahili vizuri ila hajaishi kwenye mazungumzo hayo. Msomee sentensi moja yenye muktadha finyu, mwombe akueleze alichoelewa. Usimuulize "unajua maana yake?" maana atajibu ndiyo. Akikisia sawasawa bila msaada, haja ya kitomeo imepungua.

Kisha uliza swali la kinyume: je, kipande kimoja kimeanza kutembea peke yake? *Bata* wa starehe ameanza. Utakutana na *maisha ya bata*, *watu wa bata*, bila kula. Tazama upatanisho katika kadi zako: ndege huchukua *a-/wa-*, bata wangu amekimbia. Ukikuta "bata la jana" kwa maana ya starehe, ujue nomino imehama hata ngeli, na siku ikizoeleka hivyo itadai kidahizo chake. Kwa sasa, kadi zangu za *bata* bila *kula* ni chache kuliko zenye *kula*, kwa hiyo naiweka kama maana mpya chini ya bata na kuupa msemo wenyewe kitomeo. Mwingine mwenye kadi tofauti angeamua tofauti, na nisingebishana naye kabla ya kuziona.

## Hatua ya 5: Nani anausema, na umezaa?

Rudi kwenye jedwali, usome safu ya msemaji na ya mahali.

Simo nyingi huzaliwa ili wengine wasielewe. Kama kadi zako zote ni za darasa moja, kijiwe kimoja, au kundi moja la mtandaoni, bado ni siri ya watu hao, hata ziwe 30. Sheng inajulikana kwa hili: mtaa mmoja una neno, mtaa wa pili una lingine kwa kitu kilekile, na mwaka unaofuata yote mawili yameachwa. Neno kama *noma*, linalosikika Kenya na Tanzania, limeshavuka hatua hiyo. Nalo lina mtego: "hapo kuna noma" ni balaa, "jamaa ni noma" ni sifa. Kadi zisizo na sentensi nzima zingekuficha jambo hilo.

Uenezi mdogo wa kijiografia hauzuii kitomeo. Unadai lebo tu.

Mwaka 2002 Mmarekani Allan Metcalf alipendekeza mambo matano ya kutabiri kama neno jipya litakaa: linatumika mara ngapi, linajionyesha kiasi gani, watumiaji na mazingira yake ni ya aina ngapi, linazaa maumbo na maana nyingine, na kitu linachokitaja kitadumu. La pili ndilo watu hulisahau. Neno linalojitutumua, linalotaka usikie jinsi lilivyo la akili, hufa kwa uchovu. Linaloingia kimyakimya kwenye sentensi hubaki.

Kuhusu kuzaa, mfano ninaoupenda ni *kuchakachua*. Lilivuma Tanzania likihusu mafuta yaliyochanganywa na vitu vingine, kisha wakati wa uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura. Angalia lilivyozaa: *chakachuliwa, mchakachuaji, uchakachuaji*. Neno lililokwisha kujipatia nomino ya mtenda na nomino ya kitendo haliombi tena ruhusa.

Usiuadhibu msemo kwa kutozaa, hasa ukiwa fungu la maneno. *Kula bata* umetoa *mla bata*, na kwa msemo wa maneno mawili hilo si haba.

## Hatua ya 6: Amua ukae wapi

Uamuzi una milango minne, na wengi hujua mmoja tu.

Kitomeo chake. Ushahidi umetimia, maana inazidi vipande, na hakuna kipande kimoja kinachobeba mzigo wote. *Kula bata* na *kitu kidogo* wanaingia hapa. Katika kamusi ya karatasi, kitomeo hiki pengine kitakuwa kidahizo kidogo chini ya kitenzi. Katika kamusi ya mtandaoni upe ukurasa wake, na uweke kiungo kutoka *la* na kutoka *bata*, kwa sababu hujui msomaji ataanzia wapi. Usimwachie ahangaike na *la* tatu.

Maana mpya chini ya kidahizo kilichopo. *Kali, chai* ya hongo, *kiki* ikiwa tayari imeorodheshwa.

Kidahizo kipya kinachofanana umbo na cha zamani. Hapa inabidi kutulia kidogo. *Poa* ni kitenzi: chai imepoa. *Poa* ya mitaani si kitenzi tena: "mambo poa", "safari ilikuwa poa". Jaribu kuirudishia wakati, sema "mambo yamepoa", na umesema jambo jingine kabisa, kwamba shamrashamra zimekwisha. Aina ya neno imebadilika, kwa hiyo napendelea kuyatenga kwa namba, *poa¹* na *poa²*. *Zingua* ni kesi ngumu zaidi. La zamani ni kumwondolea mtu uchawi au pepo. La sasa, "unazingua", ni kusumbua au kumwangusha mtu. Yote mawili ni vitenzi. Wanaosema la pili hawausikii uhusiano na la kwanza, nami sina kadi inayonionyesha daraja kati yao. Ninayatenga. Anayepata daraja hilo ana haki ya kuyaunganisha.

Asubiri. Si kukataa. Hifadhi kadi, andika kilichopungua ("kadi zote za mwezi mmoja", "wote wanafunzi"), na tarehe ya kuangalia tena. Pendekezo lililorudishwa bila sababu litaletwa tena na mtu mwingine wiki ijayo likiwa na upungufu uleule.

### Kuhusu matusi

Msemo wa kudhalilisha watu unapimwa kwa hatua zilezile. Anayetukanwa kwa lugha asiyoijua vizuri ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kujua alichoitwa. Ukiingia, lebo ya *tusi* au *dharau* itangulie fasili, isifuate, na mfano wa matumizi usimtaje mtu wala jamii inayoweza kutambulika. Usiutafutie tafsida ndani ya fasili. Fasili iliyopakwa sukari inamwambia msomaji kwamba anaweza kuutumia ukweni.

## Hatua ya 7: Andika kitomeo cha majaribio

Usipeleke pendekezo bila hiki. Kuandika kitomeo ndiko kunakofichua kama ulielewa, na mara nyingine nimefika hapa nikarudi hatua ya tatu.

Fasili iweze kukaa mahali pa msemo bila sentensi kuvunjika. Isitumie simo nyingine kueleza simo: ukiandika "kula bata: kuponda raha", msomaji aliyekwama amekwama mara mbili. Simo za jirani ziende kwenye "linganisha". Mfano wa matumizi uonyeshe maana hata fasili ikifunikwa kwa kidole.

Hivi ndivyo wangu ulivyoishia:

> la bata (pia: *kula bata*) *kt, simo* — starehe bila kujibana, aghalabu kwa kutumia fedha na pamoja na wenzako: *Alipolipwa malimbikizo yake alikula bata wiki nzima, wiki ya pili akaanza kukopa.* Haitumiki katika hali ya kutendwa. Linganisha: *ponda raha, tanua*. mla bata *nm* — mtu apendaye starehe.

Hapo *kt* ni kitenzi, *nm* ni nomino. Fuata vifupisho vya kamusi yako, si vyangu. Kisha wape wale watu sita. Watatu wasome fasili wakiwa hawajaona mfano, wakutungie sentensi. Watatu wasome mfano bila fasili, wakupe maana. Sentensi zikitoka zinazosikika, na maana zikikaribiana, kitomeo kinafanya kazi. Mmoja wangu alitunga: "Leo nimekula bata, nimekunywa soda moja." Wenzake walicheka, nami nikaongeza *bila kujibana*, ambayo kabla ya hapo haikuwemo katika rasimu.

Ukituma pendekezo, ambatisha kadi zote, pamoja na zile zinazokusumbua. Mhariri akizikuta mwenyewe baadaye atadhani ulizificha.

Mwisho, andika tarehe ya kurudi kwenye kitomeo, mwaka mmoja au miwili mbele. Ukirudi na kukuta msemo umeacha kusikika, usiufute. Badilisha lebo iwe *simo ya zamani*, na uache tarehe za kadi ya kwanza na ya mwisho. Maandishi ya leo yatasomwa wakati waliokuwa wakila bata wameshaacha kusema hivyo.